Kabla ya Kupanda Chombo: Kwa Jamaa Watokao Takaba



Ndugu wasomaji, kila likizo ndefu ya shule inapokaribia, barua za jamaa zetu wa Kaskazini Mashariki huongezeka. Juma hili tumeona tuijibu moja iliyotoka Takaba, katika Mandera Magharibi. Familia tatu zimechanga fedha, zinataka kuteremka hadi Lamu pamoja na watoto wao, na zinauliza ni chombo gani kiwafaacho. Je, wakodi, au wanunue kwa ushirika na jamaa zao walioko pwani? Tena, vijana wao wakubwa wameutazama simuni ule mchezo wa kuvutwa juu ya ubao nyuma ya boti iendayo kasi, nao wasingependa kurudi nyumbani bila ya kuujaribu.

Takaba ni mji wa ngamia na mbuzi. Maji yake hutoka visimani na katika silanga, na ukame ukizidi huletwa kwa malori. Mtoto aliyelelewa huko aweza kubaleghe asijapata kusimama katika maji yampitayo kiuno. Hilo ndilo jambo tulitakalo mlishike kabla ya kuzungumza habari za mbao na mashine, kwa kuwa chombo kilicho salama kwa mtoto wa Matondoni, aliyejifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, si lazima kiwe salama kwa mtoto wa Takaba. Bahari ni ile ile na chombo ni kile kile, lakini abiria si yule yule.

Wala hatusemi kwamba watu wa kaskazini hawaijui boti. Wengi wameijua kwa njia ngumu. Mwezi wa Aprili 2024, mto Tana ulipoifunika barabara baina ya Garissa na Madogo, wasafiri walilazimika kuvuka kwa boti pale Kona Punda, na tarehe 28 ya mwezi huo boti moja ikapinduka. Watu 23 waliokolewa, na wengine hawakurudi kwa jamaa zao. Ile ilikuwa safari ya dharura. Lakini hata safari ya furaha haina kinga. Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama katika Ziwa Viktoria, upande wa Mukono nchini Uganda, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wakuu wa serikali walisema kwamba chombo hakikuwa na leseni, kilikuwa kibovu, na watu walikuwa wamekizidi uwezo.  Nasi twaomba mkumbuke hilo, kwani mgeni wa bahari huogopa mawimbi, ilhali aghalabu kinachoua ni hesabu ya watu na uzembe wa bandarini.

Sasa tuje kwenye vyombo. Mtakapofika Mokowe na kuvushwa hadi Lamu, mtaona pale gatini namna nyingi. Jahazi ni chombo kikubwa cha mbao, chenye mlingoti mmoja na tanga la pembetatu. Ni zito, ni tulivu, na lilijengwa kwa ajili ya mizigo. Mashua ni ndogo kuliko jahazi, na tezi yake imekatwa wima hata mashine ndogo yaweza kuning'inizwa nyuma. Mtumbwi na hori ni vya mvuvi na mwenye kuvuka kwa haraka, familia isivitazame. Kisha kuna boti za faiba zenye mashine kubwa, ambazo wenyewe huziita spidi, zinazoruka juu ya maji na kufika Manda kabla hamjamaliza kusoma dua ya safari.

Rai yetu ni mashua. Tena mashua pana, yenye tanga na mashine pamoja, ili upepo ukilala mashine iwarudishe, na mashine ikikataa tanga liwarudishe. Boti ya faiba ina sifa zake: haihitaji kutiwa kalafati, haivuji kwenye maungio ya mbao, na hukimbia mvua. Lakini kwa kuwa ni nyepesi hupigapiga juu ya wimbi, na kila pigo humfikia aliyekaa mbele uti wa mgongo. Mama mjamzito asipande spidi hata kidogo, na bibi mwenye maumivu ya mgongo vilevile. Ikiwa hamna budi kuipanda, wazee na watoto na wakae nyuma, karibu na nahodha, ambako mtikisiko ni mdogo.

Mashua nayo ina adabu zake. Tanga la pembetatu hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu ulalao mshazari mlingotini, na chombo kinapobisha ili kupanda dhidi ya upepo, foromali huhamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi wa pili. Katika nukta hiyo kamba hukimbia, tanga hupiga makofi, na baharia hupita upesi bila ya kuangalia amemkanyaga nani. Hakuna mtoto anayefaa kusimama wakati huo. Nahodha akisema kaeni, kaeni pale pale mlipo, hata kama mmelowa. Akiwaambia hamieni upande wa joshini, yaani upepo utokako, si kwamba anawasumbua. Uzito wenu ndio unaokizuia chombo kisilale.

Chombo kizuri mkononi mwa nahodha mbaya ni hatari kuliko chombo kikuukuu mkononi mwa mjuzi, basi mchagueni nahodha kabla ya kuchagua mashua. Vyombo vidogo vya abiria nchini hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari, ile ijulikanayo kwa herufi KMA, na leseni hutaja idadi ya watu. Ombeni kuiona. Mtu mwaminifu hataona vibaya, na mwenye kuona vibaya amewajibu bila ya kufungua kinywa. Muulizeni kama ana baharia wa pili, na kama huyo wa pili aweza kushika usukani peke yake, maana nahodha naye ni binadamu, huanguka, huugua. Tazameni ndani ya ngama, chini ya mbao za kukanyagia: maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini maji yanayochezacheza kabla hata hamjang'oa nanga si kawaida. Ndoo ya kukumbia maji iwepo, na nanga yenye kamba ndefu, na makasia.

Kisha hesabuni watu wenyewe, msiachie mtu. Iko desturi mbaya pale gatini ya kuwahesabu watoto wawili kuwa mtu mmoja na mchanga kuwa si mtu. Mchanga ni mtu. Kama leseni yasema watu kumi, basi ni kumi pamoja na yule aliyebebwa, na pamoja na nahodha na baharia wake ikiwa leseni imewahesabu. Familia tatu za Takaba, tujuavyo baraka za nyumba za huko, hazitaingia katika mashua moja. Kodini mbili. Gharama itapanda, nasi tunajua kwamba fedha hizo huenda ni mbuzi kadhaa waliouzwa. Afadhali mfupishe safari kuliko kuwabana watu.

Kuhusu siku na saa, watu wa Takaba wana ilimu wasiyojua kuwa ni ya bahari, kwa sababu wanauhesabu mwezi. Maji ya bahari hufuata mwezi huo huo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Kwa hiyo Iddi al-Fitri daima huangukia bamvua. Na katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Tazameni basi linalotokea: watu huswali Iddi, hula, hujipamba, huteremka gatini saa nne na watoto wenye hamu, na kukuta mashua zimelala juu ya matope. Wengine hulazimisha safari, wakakwama kwenye fungu hadi alasiri, juani, bila ya maji ya kunywa. Siku za Iddi al-Fitri safari iwe ya mchana kuelekea jioni, maji yakipanda. Iddi al-Adha huja tarehe kumi, karibu na maji mafu, na maji hujaa baina ya asubuhi na adhuhuri. Siku hizo safari ya asubuhi ni njema.

Hesabu hii ndiyo itakayowaamulia mwende wapi. Kama mwataka kuwaonesha watoto magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, mji wa Waislamu waliokaa hapo tangu karne ya 15 hadi ya 17, na msikiti wake ambao juu ya kibla pamejengwa nguzo, basi jueni kwamba njia ya maji hupita katika mkono mwembamba wa mikoko, nao hupitika maji yakijaa tu. Fikeni yakikaribia kujaa, msikawie, mrudi kabla hayajawaacha. Twaipendelea safari hii kuliko zote kwa jamaa wa bara. Mikoko huvunja upepo, maji hayana wimbi, na watoto hupata la kujifunza zaidi ya kupiga picha. Upande wa Shela, mlango unapofungukia bahari kuu, ni mambo mengine. Pale mawimbi huingia bila kizuizi, na wakati wa kusi, baina ya Mei na Septemba, chombo huenda mrama hata mabaharia hunyamaza. Likizo ya Agosti iko katikati ya kusi. Atakayekuja Agosti na abaki baina ya Lamu na Manda. Atakayekuja Disemba na Januari atakuta kaskazi, na asubuhi yake mara nyingi ni tulivu kuliko alasiri.

Mama zetu na dada zetu, sasa twazungumza nanyi kuhusu mavazi, kwa kuwa jambo hili huonewa haya na haya hiyo imegharimu roho. Jaketi la uokozi huvaliwa juu ya buibui au jilbabu, halivaliwi chini yake. Liko dogo tunalolisikia kila mwaka, kwamba jaketi juu ya nguo huonesha umbo, hivyo bora kulificha. Likiwa chini ya nguo, mwokoaji hana pa kushika, na nguo pana iliyojaa maji hukuvuta na kukuzunguka miguuni. Na ile mitandio mirefu ifikayo magotini, ambayo dada zetu wa kaskazini huivaa, miisho yake itiwe ndani ya jaketi na mikanda ifungwe juu yake. Mtandio ulioachwa huru hupanda usoni pindi mtu aangukapo majini. Ndani vaeni suruali pana ya kitambaa chepesi, ili hata nguo ya juu ikikunjwa sitara ibaki. Viatu virefu vibaki nyumbani.

Kwa watoto, jaketi huchaguliwa kwa uzito, na kilo huandikwa ndani yake. Mvishe mtoto, funga mikanda yote pamoja na ule upitao baina ya mapaja, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamtoka. Nahodha akiwaambia kwamba jaketi za watoto hazipo lakini hakuna neno, tafuteni nahodha mwingine. Na jaketi zisilundikwe chini ya tanga eti zitavaliwa hatari ikija. Hatari haiwangojei watu wafunge vifungo.

Tungependa pia kwamba kabla ya siku ya safari watoto wapewe siku moja au mbili ya maji ya magotini, mahali palipo shwari, maji yakipanda polepole, wakiwa wamevaa jaketi hizo hizo. Waelee chali. Wazoee chumvi machoni. Mtoto aliyekwisha kuonja namna jaketi linavyomwinua hataparamia shingo ya mama yake akianguka.

Swala isiwe sababu ya kumharakisha nahodha. Pangeni mteremke Takwa au Shela mswali nchi kavu. Wakati ukiwabana mkiwa chomboni, mwenye kuchelea kuanguka ana ruhusa ya kuswali amekaa, akielekea kibla na kugeuka chombo kinapogeuka. Maji ya bahari yatosha kwa udhu. Lakini mwenye kutawadha asiiname nje ya chombo. Achote kwa ndoo.

Tumefika kwa vijana na ubao wao. Mashua tuliyowasifia haitawavuta. Mashine za mashua zetu ni ndogo, za nguvu za farasi 15 au 25, nazo haziwezi kumwinua mtu mzima kutoka majini hadi asimame. Mchezo huo hutaka boti ya faiba yenye mashine iliyo na nguvu mara kadhaa ya hizo. Nchi nyingine wanazo boti zilizotengenezwa makusudi, ambazo mashine yake imo ndani na rafadha imefichwa chini ya tumbo la chombo. Boti zetu nyingi zina mashine ya kuning'inia nyuma, na rafadha iko pale pale anapopandia mchezaji. Basi liko sharti lisilo na mjadala: mashine izimwe kabisa kila mtu anapoingia majini au kutoka, si kuachwa ikinguruma tu. Nahodha awe amefunga mkononi ile kamba ya kuzimia mashine, ili akianguka izime yenyewe. Na awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kumtazama anayevutwa tu, kwani nahodha hutazama mbele.

Mahali pa mchezo huo ni maji tulivu yasiyo na njia ya vyombo. Mfereji wa mbele ya mji wa Lamu haufai, kwa kuwa umejaa boti mchana kutwa. Mkono wa bahari wa Kilifi unafaa zaidi, nao uko njiani kwa wale watakaoendelea hadi Mombasa. Ama mabinti, hatuoni kizuizi ikiwa boti imekodiwa na familia peke yake, mavazi ni ya kusitiri, na mtazamaji wa nyuma ni ndugu au mzazi wao. Asiyejua kuogelea asivutwe, awe mvulana au msichana. Afadhali apandishwe mashua akale maembe.

Wengine wametuuliza, kwa nini wasiende ziwani, kwa kuwa maji baridi hayana mawimbi makubwa? Naivasha ni kuzuri kwa kutazama ndege na viboko kutoka ndani ya boti ya mwenyeji. Lakini penye kiboko hapachezwi majini, wala hapaogelewi, na hayo ndiyo tungesema pia juu ya mto Tana, ambako mamba nao wamo. Ziwa Viktoria lina kichocho kandokando yake. Kwa hiyo ziwa ni la kutazama, bahari ni ya kuingia.

Limebaki suala la kununua. Hatuwashauri. Chombo cha mbao ni kama mnyama wa maziwa, hakiachwi: kila mwaka sharti kivutwe pwani, kikwanguliwe, pamba isindikwe upya katika maungio, mbao za juu zipakwe sifa na za chini shahamu na chokaa, la sivyo wadudu wa bahari huzitoboa mbao hadi zikawa kama chujio. Nani atafanya hayo ninyi mkiwa Takaba? Jamaa wa pwani atafanya mwaka wa kwanza kwa mapenzi, wa pili kwa haya, na wa tatu mtaanza kunung'unikiana kwa simu. Ikiwa nia ni biashara, kwamba mashua ifanye kazi mwaka mzima na familia ipande wakati wa likizo, hilo laweza kuzungumzwa, lakini ushirika uandikwe mbele ya mashahidi: nani ametoa kiasi gani, nani atalipa mashine ikiharibika, faida itagawanywaje. Na iandikwe wazi kwamba hisa ya mtu akifa ni mirathi ya warithi wake wote, wake na mabinti wakiwamo. Tumeona mashua ya marehemu ikiendelea kuvua miaka mingi huku mayatima wake bara hawajui hata jina lake.

La mwisho laihusu Takaba yenyewe. Mtoto aliyetembezwa baharini hurudi na ushujaa, na mvua zitakaponyesha na silanga kujaa atataka kuwaonesha wenzake aliyojifunza Lamu. Silanga ni mbaya kuliko ufuo: kingo zake ni udongo mtelezi, maji ni ya tope, na kina huanza ghafla hatua mbili kutoka ukingoni. Mwambieni mapema kwamba kule aliogelea kwa jaketi. Na kwenye mti ulio karibu na silanga tundikeni jerikeni tupu la lita ishirini, kifuniko kimekazwa, likiwa limefungwa kamba ndefu. Huelea na kumbeba mtu. Aonaye mwenzake anazama alitupe hilo, avute kamba, wala asiruke majini kumfuata.